Uzee wa Ugenini kwa Mtaji wa Mtamba Mmoja

Jumatatu, tarehe 2 Juni

Mushaki, milimani juu ya Goma. Mvua asubuhi, ukungu mchana, Ndagijimana jioni. Kati ya hivyo vitatu, ukungu ndio uliokuwa na adabu.

Ndagijimana ni inspekta mstaafu. Kwa miaka ishirini alikuja kukagua shule yangu, akakagua zaidi kuku wa mke wangu. Leo amekuja kutangaza safari. Binti yake Gaëlle amemwita Ubelgiji, akaishi huko hadi mwisho wa maisha yake. Alitamka neno la Kifaransa expatrié, yaani anayeishi ugenini kwa hiari, mara tisa. Alisema watu wa umri wetu wanastahili nyumba inayopashwa moto na mashine. Kisha akanigusa bega kwa huruma, akasema: “Weye Prefe, utabakia kutuchungia milima.”

Nikamjibu kwamba hata mimi naondoka.

Sikuwa naondoka. Maneno yalitoka yenyewe. Lakini mtu aliyekuwa prefe, yaani mkuu, wa shule ya sekondari kwa miaka ishirini na sita hafuti alichosema, hukitafutia mpango. Akauliza ninakwenda wapi. Nikasema Mbarara, Uganda. Ulikuwa mji wa kwanza kunijia kichwani. Baadaye nilipotafakari niliona nimechagua kwa busara: kuna malisho, kuna hewa karibu na yetu, na hakuna Ndagijimana.

Laurence, mke wangu, alikuwa amesimama mlangoni na bido, lile dumu la maziwa. Hakusema neno. Baada ya miaka thelathini na minane ya ndoa najua maana ya kimya hicho, na si ridhaa.

Jumatano, tarehe 4 Juni

Mtoto wetu wa kwanza, Gentil, ana duka la kupiga kopi mjini Goma. Nilimwomba kwa simu anitafutie maandishi kuhusu kupanga maisha mazuri ya muda mrefu katika nchi ya watu. Leo dereva wa moto, yaani pikipiki, ameniletea kijitabu cha kurasa arobaini, Kifaransa safi, kilichoandikwa na mtu ambaye hajawahi kusukuma lori kwenye matope.

Nimekisoma mara mbili. Nijieleze mwenyewe mambo kwa utaratibu, maana hapa nyumbani hakuna mwingine anayekubali kuelezwa.

Kwanza, neno lenyewe. Mkimbizi huondoka na godoro kichwani. Expatrié huondoka na bajeti kichwani. Barabara ni ile ile.

Pili, kijitabu kinataka nijue pato langu la kudumu. Pato langu ni pensheni. Ni ya kudumu kweli: tangu nistaafu imedumu katika hali moja, ya kutokuja.

Tatu, niwe na akiba ya miezi sita. Tuna gunia moja na nusu la maharagi. Tukila kama Laurence anavyopakua, ni miezi miwili. Tukila kama ninavyoona mimi inafaa kwa watu wanaojiandaa kwa starehe, ni sita.

Nne, na hapa nilivua miwani: mtaji ufanye kazi wakati mwenyewe umelala. Mtaji wetu ni ng'ombe wawili. Mmoja ni Bihogo, ambaye anakamuliwa. Mwingine ni mtamba mwenye mimba ya kwanza. Huyo mtamba hafanyi kazi yoyote. Anakula, analala, ananitazama.

Laurence ana mawazo tofauti. Bihogo ana mimba, na mwisho wa mwezi huu maziwa yake yatakauka kwa muda wa miezi miwili. Mtamba atazaa wakati huo huo. Kwa hiyo, anasema, maziwa hayatakatika nyumbani, na mtengeneza fromaji, yaani jibini, hatatafuta muuzaji mwingine. Amepanga hayo yote bila kijitabu. Nimemsifu, kisha nikamweleza kwamba huo si uwekezaji, ni ufugaji tu.

Jumamosi, tarehe 7 Juni

Nimewekeza.

Naeleza. Kwetu mtu akimpa mwenzake ng'ombe, wamekuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Aliyepewa atarudisha siku moja, na mtu mwenye heshima hurudisha kinachozidi alichopewa. Kumkumbusha ni aibu kubwa. Lakini hakuna desturi inayokataza kuchagua vizuri mtu wa kumpa.

Nimemchagua Karangwa wa Kirolirwe. Ana ferme, shamba la mifugo, ya ng'ombe sitini. Zaidi ya hayo, alikuwa mwanafunzi wangu, na nilimwangusha somo la hesabu miaka miwili mfululizo. Mtu kama huyo hatapima. Tena Jumamosi ijayo anamwoza binti yake Umurerwa, na inajulikana kwamba Karangwa hupenda kurudisha zawadi mbele ya umati. Mtamba anaingia, wiki moja inapita, ng'ombe mkubwa anatoka. Nionyeshwe benki inayofanya hivyo.

Nilimwambia Laurence jana wakati anakamua, kwa sababu anayekamua hawezi kusimama ghafla. Kisheria ng'ombe ni wangu. Katika hali halisi ni wake. Alimaliza kukamua, akafunika bido, akasema polepole: “Papa Gentil, siku Bihogo atakauka na hakuna maziwa mu nyumba, miye naenda kwa dada yangu Anastasie. Weye utakuwa expatrié hapa hapa.”

Nimeichukulia kama idhini yenye sharti.

Karangwa alipoona mtamba anaingia kwenye ferme yake alishikwa na kigugumizi. Akanyoosha mikono juu. Akasema hajawahi kupewa ng'ombe na mwalimu, walimu wamempa viboko tu. Wachungaji wake walipiga makofi. Nilimwambia kwamba sitarajii kitu chochote. Nilisema hivyo mara tatu, ili lisisahaulike.

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Kuna jambo sikulitia kwenye mpango. Aliyepewa ng'ombe huapa kwa jina la aliyempa. Ndiyo shukrani yenyewe. Jina langu ni Sebahire, na tangu Jumamosi Karangwa haongei bila kusema “Sebahire alinipa ng'ombe”. Akitaka kuapa kwamba bei ya chumvi imepanda, Sebahire alinipa ng'ombe. Akijikwaa kwenye jiwe, Sebahire alinipa ng'ombe. Jana, mbele ya kanisa, watu waliotoka vilima vitatu wamesikia kwamba Prefe wa Mushaki anagawa ng'ombe.

Leo nimepokea wageni kumi na wanne. Katekista anataka mabati ya kanisa. Vijana wawili wa posa wanataka ng'ombe mmoja mmoja, na mmoja wao alitaja rangi anayopendelea. Mama mmoja nisiyemjua kabisa aliniita baba wa yatima, ingawa mumewe alikuwa amekaa pembeni yake. Wote wamekunywa chai ya maziwa, kwa sababu mtu anayegawa ng'ombe hawezi kutoa chai ya rangi.

Ndagijimana alikuja wa mwisho. Alisema amesikia, amefurahi, na kwamba rafiki wa miaka ishirini hapaswi kuondoka mikono mitupu. Yeye hataki makubwa, mbuzi angetosha. Nilimweleza kwamba mali yangu kwa sasa imefungwa kwenye uwekezaji wa muda mfupi. Akauliza kama ina maana sina. Nikasema ina maana ile ile, kwa Kifaransa.

Laurence amepeleka lita mbili tu kwa mtengeneza fromaji. Zingine wamezinywa watu wanaonipenda.

Alhamisi, tarehe 12 Juni

Kijitabu kinashauri: kabla ya kuhama, ongea na mtu aliyeishi ugenini kwa muda mrefu. Nimefikiri siku nzima. Hapa Mushaki mtu wa namna hiyo hayupo, isipokuwa Epiphanie, ambaye humsaidia Laurence shambani na kubeba maziwa. Alikimbia vita kwao Walikale. Si mfano mzuri wa starehe, lakini mtafiti hutumia data iliyopo.

Nilimkalisha kwenye kiti, nikachukua kalamu. Nikamwuliza ana uzoefu wa miaka mingapi wa kuishi mbali na kwao. Alicheka hadi akashika mbavu. “Papa Prefe, miye niko na miaka kumi na moja mu hii kazi, na hakuna muntu alishanilipa.”

Nikamwuliza alichagua vipi mahali pa kukaa. Alisema alichagua pale miguu ilipokataa. Nikamwuliza kuhusu akiba ya dharura. Akafungua fundo la kitenge chake, akanionyesha mbegu za maharagi, kiasi cha viganja viwili. Nikamwuliza starehe anaipata wapi. Akafikiri kidogo. Alisema Walikale kulikuwa na mafuta ya mawese na samaki wa mtoni, na kwamba bado akipika huwa anageuza kichwa kutafuta chupa ya mawese ilipokuwa, upande wa kushoto wa jiko.

Hapo hakucheka, wala mimi sikuandika.

Alipokuwa akiondoka alinipa ushauri bila kuombwa. “Usiulize nyumba iko bei gani kule. Uliza nani atajua siku unagonjwa.” Pia alisema nisisumbuke kuwaambia watu wa Mbarara kwamba nilikuwa prefe, kwa sababu hicho hakuna anayekinunua.

Hakugusia bima ya afya wala kugawanya hatari. Nimeandika pembeni: shahidi ana uzoefu, hana mbinu.

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Ushindi.

Harusi ya Umurerwa. Watu mia tatu, kasiksi, pombe ya ndizi, mitungi kumi na miwili, hotuba zisizohesabika. Nilikaa mstari wa mbele na uso wa mtu asiyetarajia kitu. Uso huo nilikuwa nimeufanyia mazoezi.

Karangwa aliinuka. Aliapa kwa jina langu mara mbili ili kukohoa tu. Akasimulia jinsi nilivyomwangusha hesabu, watu wakacheka, akasema kumbe zile alama mwalimu alikuwa anamwekea, aje amlipe kwa mtamba. Kisha akaamuru waletwe. Ng'ombe mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji, aliyezaa mwezi uliopita, matiti yamejaa, na nyuma yake ndama jike anayeruka kama mtoto aliyetoka shule. Nilimpa mmoja, nimepata wawili. Kwa wiki moja. Niliona hata Ndagijimana ameacha kutafuna.

Karangwa alimalizia: “Hii iko ng'ombe ya urafiki. Itabakia kwa Prefe, na wototo wa wototo wake watakunywa maziwa yake.” Watu wakashangilia sana. Mimi pia, ingawa kidogo.

Laurence alilia. Amemwita ng'ombe Gitare, kwa ajili ya lile doa jeupe. Jioni hii hii amemkamua lita saba, akaja kukaa karibu nami, akasema pengine kijitabu hakikuwa kibaya sana. Ni maneno ya upole kuliko yote niliyoyasikia tangu mwaka jana. Alisema sasa hata Bihogo akikauka, hana wasiwasi.

Nimefurahi kwamba amefurahi. Itakuwa vigumu zaidi.

Jumatatu, tarehe 16 Juni

Pasiporti ya mtu mmoja, dola mia na kitu, ambazo ninazo sandukuni. Za watu wawili, zidisha. Gari, kodi ya miezi mitatu ya nyumba yenye baraza, sufuria, mapazia. Gitare anasimama kwenye zizi akitafuna mapazia yangu.

Kuna kizuizi kimoja. Ng'ombe wa urafiki hauzwi. Anaweza kuzaa, anaweza kuzeeka, anaweza kufa na watu wakaja kutoa pole, lakini ukimuuza umeuza rafiki aliyekupa. Nimelichunguza suala hili kwa makini, na nimeona kwamba desturi hiyo iliwekwa kwa ajili ya watu wanaobaki. Anayebaki atakutana na rafiki yake sokoni na kuona haya. Expatrié hakutani naye. Kwa hiyo haimhusu.

Tatizo la pili ni kwamba hapa kila mtu anamjua kila ng'ombe. Wengine hunisahau mimi jina, lakini ng'ombe wangu humsalimu kwa ukoo. Dawa yake ni Walikale. Gisubizo, mfanyabiashara wa nyama, hukusanya ng'ombe Kashuga na kuwatembeza kwa miguu mpaka kwenye machimbo ya Walikale, ndani ya msitu. Watu wa kule hawafugi. Kwao ng'ombe ni nyama iliyochelewa kufika kwenye sufuria. Hakuna atakayemwuliza jina.

Nimempigia Gisubizo. Dola mia tano na hamsini, nusu sasa, nusu akirudi. Aliuliza ndama je. Nikamwambia ndama abaki. Kijitabu kinasisitiza: usiuze mtaji wote.

Jumatano, tarehe 18 Juni

Laurence na Epiphanie wameondoka asubuhi kwenda kupalilia maharagi kilima cha mbali. Saa tatu wamekuja watu wawili wa Gisubizo na kamba. Walimpaka Gitare alama ya rangi ya bluu ubavuni, wakanihesabia pesa, wakaondoka naye. Jambo limekwisha kabla chai yangu haijapoa. Nilijisikia kama mtu wa mjini.

Saa tatu na robo ndama alianza kulia.

Hakuacha saa nne. Hakuacha saa saba. Nilimpa majani, akayakanyaga. Nilimsomea kidogo, nikidhani sauti itamtuliza. Watoto wa mwaka wa kwanza ilikuwa ikiwatuliza hadi wanalala. Ndama huyu ana tabia ngumu. Kufikia saa tisa jirani alikuja kuuliza nani amekufa.

Laurence aliingia zizini jioni na ndoo yake. Nikamwambia Gitare amepelekwa kuchanjwa. Akauliza wapi. Nikasema Kashuga. Akauliza tangu lini ng'ombe huchanjwa siku mbili mbali na hapa, na tangu lini huchanjwa bila ndama wake. Aliweka ndoo chini pole pole, kama mtu anayeweka yai.

Alhamisi, tarehe 19 Juni

Bihogo ametoa lita moja. Laurence aliimimina yote kwenye kopo la ndama. Kisha akafunga kitenge, akachukua biblia, sufuria yake nzuri na jembe, akaenda Kirolirwe kwa Anastasie. Hakugombana. Niliangalia kama atabeba godoro, kama mkimbizi; aliliacha bila hata kulitazama.

Nilimfuata mpaka njiani nikimweleza kuhusu nyumba yenye baraza. Alinijibu bila kugeuka kwamba anajua kuna watu wanaolazimika kuhama, anawaona kila siku, na hajawahi kuona mmoja aliyeuza maziwa ya nyumba yake ili akaishi kwa raha.

Nyumba ni kubwa nikiwa peke yangu. Nimepika bukari, yaani ugali. Imekuwa na madonge. Epiphanie amekuja kumnywesha ndama, akaona sufuria, akaipika upya bila kuulizwa. Aliniuliza kama nimekula tangu asubuhi. Nikasema nina pesa. Akasema hakuuliza hilo.

Ndama analia bado.

Ijumaa, tarehe 20 Juni

Mchungaji wa Karangwa amekuja asubuhi. Prefe anaombwa Kirolirwe. Hakuketi, hakunywa chai. Nilijua.

Yaliyotokea ni haya, kama walivyonisimulia, na walinisimulia kwa zamu, kila mmoja akisahihisha mwenzake. Njia ya kutoka Mushaki kwenda Kashuga inapita Kirolirwe. Inapita chini ya ferme ya Karangwa, mita mia moja kutoka zizi ambamo Gitare alizaliwa. Nimefundisha jiografia miaka tisa. Jambo hili lilikuwa kwenye ramani.

Gitare aliposikia harufu ya kwao, na matiti yake yanamuuma kwa ajili ya ndama, alivunja mstari. Watu wa Gisubizo walimshika mkia. Mmoja alibaki na viatu, mwingine bila. Aliingia ferme mbio, kamba shingoni, alama ya bluu ya machinjoni ubavuni, akaenda moja kwa moja hadi mlangoni kwa Karangwa, ambaye alikuwa amekaa na wakwe zake wapya, akiwasimulia, wanavyosema, habari za wema wangu. Alikuwa katikati ya kuapa kwa jina langu. Inasemekana hakumaliza.

Nilipofika, Laurence alikuwa pale. Nyumba ya Anastasie ni ya pili kutoka ferme. Hilo nalo lilikuwa kwenye ramani.

Karangwa hakupaza sauti. Aliniuliza kama nilikuwa na njaa. Nikasema hapana. Kama nilikuwa na mgonjwa. Hapana. Kama kuna mtu wangu amefungwa na alihitaji pesa za kumtoa. Hapana. Alikuwa ananitafutia sababu, mtoto wa watu, moja baada ya nyingine, na mimi nazikataa zote kwa ukweli. Mwisho nilimweleza kuhusu Mbarara. Nilieleza vizuri, kwa hatua. Mtaji, pato, baraza.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: “Mwalimu, ungeniambia unataka kuenda. Ningekupa pesa ya njia bure. Ile mutamba ulinipa, nilizania unanipenda.”

Nimeangusha wanafunzi wengi katika maisha yangu. Sijawahi kuona uso kama ule kwenye karatasi ya alama.

Jumapili, tarehe 22 Juni

Hukumu ilitolewa jana na wazee watatu, nayo imetekelezwa leo. Naiandika kama ilivyo.

Pesa za Gisubizo zimerudi kwa Gisubizo, pamoja na bei ya viatu. Nimenunua mitungi sita ya kasiksi ya upatanisho kwa akiba yangu ya pasiporti, na watu mia wakaja kupatanishwa, wengi wao hawakuwa wamegombana na mtu. Ndagijimana alikunywa kwa niaba ya Ubelgiji nzima. Nilisimama mbele yao nikaomba msamaha. Nilianza na utangulizi. Mzee mmoja akaniomba niruke hadi mwisho.

Karangwa alipokea mkono wangu. Kisha akachukua kamba ya Gitare, akanipita, akaiweka mkononi mwa Laurence. Alisema urafiki haukufa, umebadilisha tu mlango wa kuingilia. Kuanzia leo Gitare ni wa Mama Laurence, na atakayetaka kumwuza atamwomba yeye. Watu walipiga makofi kwa muda ambao mimi niliuona mrefu.

Laurence hakusema kwamba anarudi. Alianza tu kutembea kuelekea Mushaki, Gitare nyuma yake, mimi nyuma ya Gitare nikibeba sufuria na jembe. Njia nzima watu waliwasalimu hao wawili wa mbele. Tulipokaribia nyumbani ndama alisikia, mama akajibu, na wakaanza kukimbia wote, Gitare na Laurence, mama wa miaka sitini na mitatu akishika kitenge kwa mkono mmoja.

Amekamua lita nane. Amenipa kikombe. Hakujaza, lakini amenipa.

Jumanne, tarehe 24 Juni

Nyumba imetulia. Mtengeneza fromaji anachukua maziwa asubuhi na jioni. Bihogo amekauka kabisa jana na hakuna aliyeona tofauti. Laurence amenisemesha mara nne leo, na mara moja tu ilikuwa kuhusu kuni.

Nimetumia utulivu huu kutathmini. Mtu msomi haogopi kuangalia makosa yake, na nimeyaangalia yote. Nimeona ni moja. Nilimpa ng'ombe mtu anayejua desturi.

Sasa kuna huyu Bwana Sylvain, agronome, mtaalamu wa kilimo, Mzungu, amekodi nyumba karibu na njia kwa miaka mitatu. Huyo ni expatrié kamili: ana jenereta, ana mpishi, ana bima. Desturi haijui hata kidogo. Jana nilimwona anapiga picha ya mbuzi. Mtu wa namna hiyo akipewa ndama, tena ndama jike mwenye kuruka, atatokwa na machozi. Na atakapotaka kurudisha hatarudisha ng'ombe, kwa sababu hana. Atarudisha alichonacho. Wala hataapa kwa jina langu, maana hawezi kulitamka.

Laurence kapewa Gitare mbele ya wazee. Nilikuwepo, nilisikiliza vizuri kila neno. Ndama hakutajwa.

Ataachishwa maziwa baada ya miezi michache, ambayo ni muda mzuri wa kupanga. Nimeanza kumzoesha kamba, taratibu, jioni. Laurence ametuona kutoka mlangoni akatabasamu, akasema afadhali nimepata kitu cha kupenda. Sikumsahihisha. Nitamweleza yote kwa hatua, ndama akishafika kwa Mzungu.